Sheikh wa Chuo Ambaye Hajaajiriwa

Mwanafunzi Mkristo akipigiwa simu usiku kwamba baba yake amefariki, katika vyuo vingi vya Nyanda za Juu Kusini anajua aende mlango gani. Chuo cha kanisa kina mchungaji au padri mlezi. Hata kwenye chuo cha serikali, vijana wa vyama vya Kikristo vya UKWATA, CASFETA na TYCS wana mtu mzima nyuma yao, mwenye usharika au parokia inayomtegemeza. Mwanafunzi Mwislamu akipata simu hiyohiyo anakwenda kugonga chumba cha amiri wa jumuiya. Amiri ni kijana wa mwaka wa pili, na kesho asubuhi ana mtihani. Ataamka, atamketisha mwenzake, watasoma dua, kisha ataanza kuchangisha nauli kwa simu, elfu moja hapa na elfu mbili pale, mpaka mfiwa apate basi la alfajiri. Saa mbili ataingia chumba cha mtihani hajafumba macho.

Katika usiku mmoja kijana huyo amekuwa imamu, mshauri, mweka hazina na kaka. Kwa wenzetu Wakristo kazi hiyo ina ofisi, ina posho au mshahara, na ina watu walioisomea. Kwetu inafanyika pia, tena kila siku, lakini tumewaachia watoto. Ninachokisema hapa ni kwamba kulea Waislamu chuoni ni kazi ya mtu mzima aliyefundishwa, anayelipwa na anayejulikana na mkuu wa chuo, na kwamba deni la kumpata mtu huyo liko kwetu Waislamu kwanza, kabla ya serikali na kabla ya makanisa.

Nachukua Kilolo kwa sababu huko jambo hili linaonekana likiwa limebanwa. Wilaya hii ilimegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaingilia Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na vitunguu, inapita Mahenge, inapanda Kitonga na kutokea Ilula, kwenye nyanya na upepo wa baridi. Misikiti utaiona zaidi kwenye miji hii ya barabarani, ambako biashara imechanganya Wahehe na watu wa Morogoro, Tanga na Pwani. Ukiacha lami ukapanda kuelekea Dabaga au Pomerini unaingia nchi ya misheni, Walutheri na Wakatoliki waliotangulia kujenga shule na zahanati tangu enzi za Wajerumani. Waislamu ni wangapi, hakuna takwimu ya serikali itakayokwambia, kwa sababu sensa ya mwisho kuuliza dini ya mtu nchini ilikuwa ya mwaka 1967.

Historia hiyo ndiyo iliyopanga vyuo pia. Ilula kuna chuo cha uuguzi kilichokua ubavuni mwa hospitali ya KKKT. Mjini Iringa, mwendo usiofika saa moja na nusu kutoka Ilula, Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Walutheri, Chuo Kikuu cha Ruaha ni cha maaskofu Wakatoliki, na cha umma ni Mkwawa, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, pamoja na chuo cha ualimu Klerruu. Mbeya kuna Teofilo Kisanji cha Wamoravian, na cha serikali ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST). Chuo kikuu cha kwanza cha Waislamu Tanzania Bara, MUM cha Morogoro, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, yaliyotolewa na serikali ya Rais Mkapa. Kwa hiyo kijana Mwislamu wa Kilolo anayetaka kusoma karibu na kwao atasoma chuo cha kanisa au cha serikali. Na haki isemwe: vyuo vya kanisa vimewapokea watoto wetu, vimewafundisha na kuwapa vyeti sawa na wengine. Lakini havikuanzishwa kwa ajili ya kumlea Mwislamu katika dini yake, na si haki kuvidai hivyo.

Vyuo vya serikali navyo vina mpaka wake. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Chuo cha umma kinaweza kutoa chumba cha kuswalia au kiwanja cha msikiti. Kumwajiri sheikh hakumo katika kazi zake, kama ambavyo kumwajiri padri hakumo. Wako Waislamu watakaojibu kwa kutaja mkataba wa 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya. Malalamiko juu ya mkataba ule nayaona yana msingi, na yajadiliwe pale yanapohusika. Hayampi nauli mfiwa wa usiku wa leo.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi wakisikia sheikh wa chuo wanamfikiria mtu wa kuswalisha na kutoa darsa la Alhamisi. Kuswalisha ndiyo sehemu nyepesi, na vijana wanaijua. Katika jumuiya yoyote ya wanafunzi hukosi aliyehifadhi juzuu kadhaa na mwenye sauti nzuri. Uzito uko kwenye mambo yanayomfika mwanafunzi kati ya swala na swala.

Chukua Ramadhani. Ratiba nyingi za futari zinazosambaa kwenye simu zimepigiwa hesabu Dar es Salaam, na wengi wamezoea kufungua kwa adhana ya redio. Jua husafiri digrii moja kwa dakika 4. Ilula iko zaidi ya digrii 3 magharibi ya Dar, maana yake jua la Kilolo huzama kama dakika 13 baada ya la Dar, na la Mbeya dakika 23 hivi. Mwanafunzi wa Mbeya anayefungua kwa adhana ya Dar amekula jua likiwa bado juu ya upeo wa macho. Mahali palipo na mtu anayejua, utaona karatasi iliyoandikwa kwa mkono imebandikwa mlangoni mwa chumba cha kuswalia, safu ya Dar imekatwa mstari na safu ya hapa imeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Kutoka kwenye karatasi hiyo yanafuata mambo ya jikoni. Mpishi wa kantini anafunga saa moja kamili usiku. Je, atawawekea uji waliofunga? Daku italiwa saa kumi alfajiri bweni gani, ikiwa kupika chumbani ni kosa? Mtu mzima akienda kuzungumza na mama mpishi wiki mbili kabla, akaanza na salamu ya "kamwene" na kumwuliza habari za nyumbani, mambo haya yanakwisha kwa soda mbili. Yakiachwa mpaka mwezi uandame, yanakuwa kesi ya nidhamu.

Au chukua Ijumaa. Iringa adhuhuri huingia kati ya saa sita na theluthi na saa saba kasoro dakika kumi hivi, kwa kufuata miezi. Mtihani uliopangwa kuanza saa saba unamkuta mwanafunzi khutba haijaisha. Amiri huenda ofisi ya mitihani Alhamisi jioni akiwa na barua ya malalamiko, wakati ratiba imeshachapwa na wasimamizi wameshapangwa. Mlezi aliyezoea kazi angekwenda mwanzo wa muhula, ratiba ikiwa bado ni rasimu, akaomba kipindi kianze saa nane. Tena angekwenda pamoja na mchungaji wa Wasabato, maana mwanafunzi Msabato ana shida ileile siku ya Jumamosi. Makundi mawili ya dini yakiomba pamoja mbele ya afisa mitihani, ombi linasikika kuwa la haki ya wanafunzi, na hakuna anayeliona kama shari ya kundi moja.

Chuo cha uuguzi kinaongeza mambo yake. Sare ya wodi ni mikono mifupi, na udhibiti wa maambukizi unataka mikono iwe wazi mpaka kiwiko wakati wa kuosha na kumhudumia mgonjwa. Binti wa Kiislamu anauliza kama aivue staha yake au aache masomo. Kijana wa kiume anapangiwa kumwogesha mgonjwa mwanamke aliyepooza. Ni masuala ya fikihi ya dharura, yana majibu, na majibu hayo yanamruhusu kuwa muuguzi kamili. Lakini yanataka mwalimu anayeijua fikihi na kuijua wodi. Akijibu mtu asiyewahi kuingia wodini, atamfukuza binti kwenye taaluma ambayo wanawake wa Kiislamu wenyewe wanaihitaji zaidi kuliko yeyote siku wanapojifungua.

Mlezi huyo ana wanafunzi wengine pia, Wakristo wanaosomea uuguzi. Hawa nao siku moja watakuwa na maiti ya Mwislamu mbele yao saa tisa usiku. Wakijua kwamba hafungwi mikono kifuani, kwamba anaoshwa na jinsia yake, kwamba kibla kutoka Kilolo ni kaskazini ikiinama kidogo tu mashariki, na kwamba ndugu wapigiwe mapema kwa sababu watataka kuzika haraka, wamekuwa wauguzi bora. Saa moja ya somo hilo kila mwaka ingeondoa maudhi mengi kwenye hospitali zetu.

Kuna kitu kimoja ambacho kila aliyewahi kuishi bweni la wasichana anakijua, na ambacho kwenye mikutano hatukisemi. Usiku binti mmoja anapiga kelele, anaanguka, anazungumza kwa sauti nzito. Baada ya dakika kumi wapo wanne. Wenzao wanasema wamepandisha majini. Matroni, ambaye mara nyingi ni Mkristo, anapiga simu kwa yeyote anayejulikana kwa kisomo, na anafika kijana wa kiume mwenye chupa ya maji na Ayatul Kursiy, chumba kimejaa watu, simu zinarekodi. Nimeona mkanda mmoja wa namna hiyo ukizunguka, uso wa binti ukionekana wazi, na huyo binti alipaswa kurudi darasani Jumatatu.

Mlezi aliyefundishwa anaanza kwa kutoa watu. Dirisha lifunguliwe, simu zizimwe, abaki matroni na mwanamke mmoja wa jumuiya. Anauliza alikula lini, ana homa, ana kifafa, anatumia dawa gani, amefiwa, ameachwa, amefeli? Kisomo kipo na kina heshima yake. Mimi ni Mwislamu na siikani dunia ya ghaibu. Lakini kisomo hakizuii kipimo cha malaria, na binti aliye na kifafa akinyweshwa kombe mwaka mzima badala ya dawa amedhulumiwa kwa jina la dini. Tena anayejua kazi hii anarudi baada ya siku tatu, kimya kimya, kwa sababu mara nyingi lililompandisha binti lina jina la mtu: mwalimu anayemsumbua, mjomba wa nyumbani, mimba anayoificha. Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Siri inahitajika hapo, na kijana wa miaka 22 hawezi kuibeba. Si kwa sababu ni mbaya. Anakaa bweni moja na mhusika, wanakula meza moja, na mwakani atamkabidhi amiri mwingine daftari lenye kila kitu. Mwanafunzi aliyefikiria kujiua hatamwambia, na zaidi ya hayo anajua kwamba kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Anahitaji mtu anayejua kusikiliza bila kuruka na hukumu ya moto wa milele, anayejua ni lini siri haiwezi kubaki siri kwa sababu roho iko hatarini, na mwenye namba ya daktari wa afya ya akili mkononi.

Ndoa ni mlango mwingine. Wapenzi wawili chuoni wanaogopa zinaa, nia yao ni njema, wanamtafuta ustadhi awafungishe chumbani mbele ya mashahidi wawili wa bwenini. Ustadhi kijana anaona amewaokoa. Walii wa binti hajui, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotaka taarifa ya siku 21 haikufuatwa, cheti hakuna. Muhula ukiisha kijana anarudi kwao Tabora, na binti hajui kama ni mke au si mke. Mlezi wa kweli angewaambia neno moja tu, "Mleteni baba," kisha akakubali kuwasindikiza kwa baba huyo, akakaa naye kwenye mkeka na kuongea kiutu uzima. Kusindikiza huko ndiko wapenzi hawa wanakokosa.

Na mkopo. "Ustadhi, mkopo wa Bodi ni riba?" Hilo ni swali la kila Oktoba. Mpaka 2021 Bodi ya Mikopo ilitoza asilimia 6 kwa mwaka kulinda thamani ya fedha, tozo iliyofutwa na serikali ya Rais Samia. Wanazuoni walilijadili kwa namna tofauti. Wapo wanafunzi walioshauriwa kwenye kona za msikiti wauache mkopo, na mtoto wa mkulima wa vitunguu akiuacha mkopo ameacha chuo. Anayetoa fatwa ya namna hiyo alipaswa kwanza kuwa na njia ya pili mfukoni, angalau jina la Mwislamu mmoja atakayelipa ada.

Jumuiya ya wanafunzi ina ugonjwa wake wa ndani pia. Chumba kimoja cha kuswalia kina mtoto wa Tanga aliyekulia kwenye Maulidi, mtoto wa Answari Sunna anayeona Maulidi ni bidaa, Mpemba ambaye babu yake ni Ibadhi, na pengine Mshia mmoja aliyekaa kimya. Uchaguzi wa amiri unageuka uchaguzi wa madhehebu. Mwezi ukiandama mambo yanafika kileleni: wanaofuata Makka wanasherehekea leo, wanaofuata tangazo la Mufti wanasherehekea kesho, na sikukuu ya serikali hufuata tangazo hilo. Wale wa leo wana majaribio darasani. Aliyechaguliwa na upande mmoja hataombea ruhusa upande wa pili. Mlezi anayestahili jina hilo anaandika barua moja kwa mkuu wa chuo inayotaja siku zote mbili na majina ya wote, na yeye mwenyewe anafunga na kufungua kwa anavyoamini bila kumtangazia mtu. Ukinitaka nitaje sifa moja ya kumchagulia, nitataja hiyo kabla ya elimu yake.

Wapo wanaoibeba kazi leo, na wanastahili shukrani. TAMSYA imewalea vijana wa sekondari na vyuo kwa miongo kadhaa, na viongozi wengi wa Kiislamu wa leo wamepitia mikononi mwake. Dar es Salaam, jumuiya ya MSAUD ya Mlimani imetoa wasomi wanaoheshimika. Katika vyuo vingi kuna mhadhiri Mwislamu aliyeandikwa kuwa mlezi, anayesaini vibali vya shughuli na kutoa mfukoni mwake mara nyingi kuliko anavyosema. Imamu wa msikiti wa jirani huitwa kwenye janaza. Lakini mhadhiri ndiye anayesahihisha mitihani ya wanafunzi hao, na si rahisi kumweleza mambo yako mtu anayekupa alama. Imamu wa mtaa ana duka lake, ana familia, na lugha ya vijana hawa pengine imempita. BAKWATA, iliyoanzishwa mwaka 1968, mwaka uleule East African Muslim Welfare Society ilipofungwa, ina masheikh wa mikoa, wilaya na kata, na maimamu wa misikiti iliyo chini yake. Chuo kimeachwa kwa sheikh wa kata kilipoangukia. Na wanafunzi wengi hawaihesabu BAKWATA kuwa yao, jambo lenye historia ndefu ambalo halitaisha kwa kulaumiana.

Wanawake ndio waliopunjwa zaidi. Amirati, dada anayeongoza upande wa akina dada, anapata mzigo mara mbili, maana mambo mazito ya bwenini yanamfika yeye kwanza, na bado kwenye kikao cha shura anakaa nyuma ya pazia akipeleka hoja kwa karatasi. Wilaya ikiweza kulipa mtu mmoja tu, sioni kwa nini asiwe mwanamke. Khutba ataitoa mwanamume yeyote. Binti mwenye mimba hatamwendea mwanamume yeyote.

Nje ya kwetu kazi hii imeshapata umbo. Marekani, Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho ni cha Wajesuiti, kilimwajiri Imamu Yahya Hendi mwaka 1999, na anatajwa kuwa wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hiyo muda wote katika chuo kikuu cha Marekani. Yaani aliyefungua mlango ni chuo cha Kikatoliki. Yale, Princeton na Duke vilifuata muongo uliofuata. Hartford, iliyoanzishwa na Waprotestanti ikiwa seminari, ilianzisha mafunzo maalumu ya walezi wa Kiislamu chini ya Dkt. Ingrid Mattson, wanasoma Kurani na fikihi, na wanasoma pia kusikiliza, kukaa na mfiwa, kufanya mazoezi hospitalini wakisimamiwa. Uingereza taasisi ya Markfield inatoa mafunzo ya namna hiyo, na wahitimu wanakwenda hospitali, magereza na vyuo. Hatuwezi kuleta mfumo wao mzimamzima, maana kule chuo kinalipa mshahara kutoka mfuko mnono. Tunachoweza kuchukua ni mtaala, na shaka yangu ni ndogo kwamba MUM, au Chuo Kikuu cha SUMAIT cha Zanzibar chenye uzoefu wa kufundisha walimu, vingeweza kuandaa cheti cha miezi sita vikitaka.

Watakaoogopa wapo pande zote. Mkuu wa chuo cha kanisa anaweza kujiuliza kama anamwingiza mhubiri wa kuwasilimisha wanafunzi wake. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2013 ubishi wa Waislamu na Wakristo juu ya nani achinje uliua mtu Buseresere mkoani Geita, na miezi miwili baadaye ukazua vurugu Tunduma, kwenye hizi nyanda zetu. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa nchini Kenya, Wakristo wakitengwa na Waislamu kabla ya kupigwa risasi, na mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu siku ile halaka yoyote ya vijana wachache chini ya mti inatazamwa mara mbili. Jibu langu kwa mkuu wa chuo ni kwamba anayepaswa kumtia hofu ni yule asiyemjua, anayewafundisha vijana kwa simu kutoka mahali asipopajua. Mlezi aliyesainiana naye barua, anayejulikana anakaa wapi na anafundisha nini, ndiye atakayesikia mapema kijana anapobadilika, na ndiye atakayemtetea kijana asiye na kosa polisi wakija kuuliza kwa nini amefuga ndevu. Kazi zote mbili zinahitaji mtu yuleyule.

Waislamu nao watauliza fedha zitoke wapi. Naomba tuwe wakweli. Tunachangia mnara, marumaru na vipaza sauti, na jina la mchangiaji linaandikwa ukutani. Mtu hatumchangii. Tupige hesabu ya Kilolo. Mtu mmoja alelee Ilula na vyuo vingine vidogo vya wilaya, siku moja kwa wiki ashuke Iringa mjini kusaidiana na wenzake. Waislamu 120 wenye kipato, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa nyanya na vitunguu na wahitimu wa wilaya walioko Dar, wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, zinapatikana 600,000. Zinamtosha ustadhati mmoja kuanza, pamoja na nauli ya bodaboda na vocha. Zikae kwenye akaunti ya wakfu yenye wasimamizi watatu, mmoja akiwa mwanamke, na taarifa yake isomwe Ijumaa ya kwanza ya mwezi, jumla na matumizi. Michango mingi kwetu haifi kwa umaskini. Inafia mikononi mwa mtu mmoja asiyesoma taarifa.

Barua ya makubaliano na chuo iwe fupi, isizidi kurasa mbili. Itaje chumba chenye mlango unaofungwa, maana hakuna anayelia mbele ya watu. Itaje kwamba hatawatafuta wanafunzi wa dini nyingine, na kwamba wa dini nyingine akimjia kwa shida yake hatafukuzwa. Itaje namba yake iwe kwa matroni, kwa mlinzi wa getini na kwa zahanati. Itaje mambo ambayo atalazimika kuyaripoti hata akiambiwa kwa siri: hatari ya kifo, na mtoto au mwanafunzi anayedhulumiwa kimwili. Itaje kwamba hafundishi somo lenye alama na hashiriki uchaguzi wa jumuiya. Na kiwepo kifungu cha kumwondoa, kwa sababu tutakosea watu. Chuo au wasimamizi wa wakfu, upande wowote, waweze kumsitisha kwa maandishi na kwa sababu zilizotajwa, taarifa ya miezi mitatu, na wiki moja kama kosa ni la kumgusa mwanafunzi, akiwa nje ya chuo kuanzia siku ya malalamiko.